Siku saba za kwanza Berlin: mwongozo kamili wa mwanafunzi mgeni

Kila muhula wa Oktoba unapoanza napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa wadogo zangu waliokuja kusoma Berlin. Wamefika wiki tatu zilizopita, chumba wamepata, masomo yameanza, ila mji hawaujui. Wanajua njia mbili tu: ya chuoni na ya dukani. Mmoja simu yake ilizima usiku akiwa vituo viwili kutoka anapoishi, akakaa kituoni mpaka akapata mtu wa kumwazima chaja. Mwingine alitozwa faini ya euro 60 akiwa ameshika mkononi tiketi aliyoinunua dakika kumi kabla. Wa tatu barua zake za benki zilirudishwa zilikotoka, na anwani aliyowapa ilikuwa sahihi kabisa.

Si wazembe hawa. Tangu waliposhuka kwenye ndege wameongozwa na ile nukta ya buluu kwenye ramani ya simu, na nukta ile inamfikisha mtu bila kumfundisha njia. Ukishafika, huwezi kusema umepita wapi.

Utaratibu huu unaanzia mlangoni kwako na kutoka nje kidogo kidogo: jengo, mtaa, reli, mji. Unachukua siku saba, saa mbili au tatu kwa siku. Usiruke hatua, hata ile inayoonekana ya kitoto, kwa sababu wengi waliokwama walikwama kwenye hatua ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

Anwani yako kwenye karatasi. Iandike kwa mkono: mtaa, namba ya nyumba, sehemu ya jengo, msimbo wa posta wenye tarakimu tano, na jina lililoandikwa kwenye kengele. Itunze mfuko mwingine, mbali na simu.

Ramani ya reli ya karatasi. Ile yenye njia za U-Bahn (treni za chini ya ardhi) na S-Bahn (treni za mjini zinazopita zaidi juu ya ardhi) peke yake inatosha. Ichape chuoni. Ramani ya simu inakuonyesha kipande kidogo tu, na hapa tunataka uone umbo la mji mzima.

Simu yenye chaji na ramani iliyopakuliwa kabla. Itakaa mfukoni muda mwingi, lakini iwepo. Laini ya kulipia kabla haiwashwi Ujerumani mpaka kitambulisho chako kithibitishwe, kwa hiyo siku ya kununua laini nenda na pasipoti.

Tiketi. Vyuo vingi vya Berlin vinawapa wanafunzi tiketi ya muhula ndani ya ada. Angalia inaanza tarehe ngapi, maana muhula wa baridi huhesabiwa kuanzia Oktoba 1 na ukifika Septemba utajilipia siku hizo mwenyewe. Tiketi hiyo ina jina lako, hivyo tembea na kitambulisho chenye picha.

Sarafu na noti ndogo za euro. Sehemu nyingi zinapokea kadi, lakini bado utakutana na kaunta isiyoipokea.

Koti lisilopitisha mvua, viatu ulivyokwisha kuvizoea, daftari dogo na kalamu. Viatu vipya acha.

Jambo moja la kufanya leo hii, kabla hata ya hatua ya kwanza: weka miadi ya kusajili makazi yako, ile wanayoiita *Anmeldung*. Sheria inakupa wiki mbili tangu ulipohamia, na nafasi za miadi hujaa haraka. Nitaeleza kwenye hatua ya sita, ila miadi itafutwe sasa.

## Hatua ya 1: Ijue anwani yako kama unavyolijua jina lako

Nyumba nyingi za Berlin hazina namba za vyumba. Ghorofa yenye familia ishirini ina namba moja tu ya mtaani, na mlangoni kuna ubao wa kengele wenye majina. Mtu akikutafuta anatafuta jina. Tarishi naye anatafuta jina. Ndiyo sababu barua za yule mdogo wangu zilirudi: jina lake halikuwa kwenye sanduku, na kwa tarishi mtu asiye na jina pale haishi pale.

Kwa hiyo siku ya kwanza muulize mwenye nyumba au mwenzako wa nyumba kama unaweza kubandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Kama umepangishwa chini ya jina la mtu mwingine, barua ziandikwe jina lako na chini yake *c/o* pamoja na jina lililoko kwenye sanduku. Usilichukulie hili kuwa dogo. Kadi ya benki, barua ya bima ya afya na namba yako ya kodi vyote huja kwa posta.

Sasa jengo lenyewe. Nyumba za zamani za Berlin zimejengwa kuzunguka ua. Jengo linalotazama barabara ni *Vorderhaus*, la ubavuni ni *Seitenflügel*, la nyuma ya ua ni *Hinterhaus*. Kwenye mkataba utaona vifupisho VH, SF na HH. Ukiwa unaishi HH, mlango wa barabarani si mlango wako: unapita chini ya jengo la mbele, unavuka ua, ndipo unapanda ngazi zako. Ghorofa ya chini kabisa inaandikwa EG, na "1. OG" ni ile iliyo juu yake.

Kisha kuna mtego wa namba, na hapa naomba utulie. Kwenye mitaa mingi ya zamani namba hazipishani shufwa upande huu na witiri upande ule. Zinapanda upande mmoja, 1, 2, 3, 4, mpaka mwisho wa mtaa, halafu zinavuka barabara na kurudi upande wa pili kama kiatu cha farasi. Barabara ya Kurfürstendamm ndiyo mfano mzuri: inaanza na namba 11, na ukitafuta namba kubwa za mwisho, 237 kwa mfano, unazikuta kwenye ncha ile ile ilipo 11. Jioni yangu ya kwanza nilisimama mbele ya nyumba namba 40 nikitafuta namba 41 ng'ambo ya barabara, nikakuta 97. Nilipanda na kushuka mtaa ule na sanduku langu nusu saa, na 41 ilikuwa mlango unaofuata, upande ule ule niliokuwa nimesimama.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye kona tazama kibao cha jina la mtaa: mara nyingi kina kipande kidogo chenye namba za nyumba za sehemu hiyo. Soma namba mbili zinazofuatana kabla hujaanza kutembea. Zikiwa zinafuatana moja kwa moja, uko kwenye mtaa wa kiatu cha farasi.

Tahadhari: Berlin kubwa ilizaliwa mwaka 1920 kwa kuunganisha miji na vijiji vingi, na kila kimoja kilikuja na majina yake. Ndiyo maana Hauptstraße na Berliner Straße ziko zaidi ya moja. Ukimpa mtu jina la mtaa bila msimbo wa posta unaweza kupelekwa upande mwingine kabisa wa mji. Misimbo ya Berlin huanza na 10, 12, 13 au 14.

Utajua umefaulu ukiweza kutoka kituo cha karibu, usiku, simu ikiwa imezimwa, ukafika kitandani kwako bila kusimama kujiuliza.

## Hatua ya 2: Toka mara nne kwa miguu

Siku ya pili usipande chochote. Kutoka mlangoni kwako nenda kaskazini dakika kumi na tano, kisha rudi. Halafu mashariki, kusini, magharibi. Kila safari rudi kwa njia ile ile uliyoendea, na katikati ya safari geuka nyuma utazame ulikotoka. Mtaa unaoonekana wakati wa kwenda siyo mtaa utakaouona wakati wa kurudi. Kona ni nyingine, rangi ni nyingine. Wanaopotea wengi hupotea wakirudi.

Andika daftarini vitu vichache tu: kituo cha U-Bahn (herufi U nyeupe kwenye buluu), cha S-Bahn (S nyeupe kwenye kijani), cha basi (H ya kijani kwenye duara la njano), duka la dawa (herufi A kubwa nyekundu), duka la chakula, na jengo moja linaloonekana toka mbali. Ukiwa maeneo ya katikati, jengo hilo litakuwa mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, wenye urefu wa mita 368. Ukiuona upande wako wa kulia asubuhi ukienda, uutafute upande wa kushoto jioni ukirudi.

Mambo mawili ya njiani. La kwanza, njia ya baiskeli. Mara nyingi iko juu ya njia ya waendao kwa miguu, imetengwa kwa matofali mekundu au mstari tu, na mgeni huikanyaga bila kujua. Kwanza utasikia kengele, *kling kling*, nyuma ya bega lako. Ukishtuka ukaruka upande usio sahihi ndipo mnapogongana. Kwa hiyo ukisikia kengele usiruke: nyooka, tazama chini, rudi kwenye mawe ya kijivu. Na kabla ya kushuka basi, tazama kulia, kwani njia ya baiskeli huenda inapita kati ya mlango wa basi na kituo.

La pili, taa za kuvukia. Mtu mwekundu maana yake simama, hata kama barabara ni tupu. Faini yake ni ndogo, euro 5, lakini utaona wazazi wenye watoto wakikutazama kwa macho makali, na wana haki, kwa sababu watoto wanakuiga.

Usifanye hatua hii Jumapili kama hujaweka chakula ndani. Maduka karibu yote hufungwa Jumapili. Yaliyo ndani ya vituo vikubwa kama Hauptbahnhof hufunguliwa, lakini foleni ni ndefu. Nunua mahitaji yako Jumamosi.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mtaa wako kwenye karatasi tupu: nyumba yako katikati, njia nne, na walau vitu vinane mahali pake. Mchoro mbaya si kitu. Ukikosea upande wa kituo, rudia safari hiyo kesho asubuhi.

## Hatua ya 3: Ielewe tiketi kabla ya kupanda

Vituo vya Berlin havina mageti. Unaingia moja kwa moja mpaka kwenye treni, na urahisi huo ndio unaowaponza wageni. Wakaguzi hupita humo ndani, wengine wakiwa wamevaa nguo za kawaida. Treni ikishaondoka wanasimama na kusema waonyeshwe tiketi. Hapo hakuna maelezo yatakayokusaidia.

Mji umegawanywa kanda tatu. A ni ndani ya mzunguko wa reli ya S-Bahn, B ni kutoka hapo mpaka mpaka wa mji, C ni nje ya mpaka. Kwa safari za kila siku unahitaji AB. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, na Potsdam pia, hivyo kwenda au kutoka huko unahitaji ABC.

Yule aliyetozwa euro 60 alikuwa amenunua tiketi ya karatasi kwenye mashine ya jukwaani, akapanda nayo. Tiketi ya aina hiyo haina kazi mpaka igongwe muhuri. Kwenye jukwaa kuna visanduku vidogo vyekundu au vya njano vyenye tundu: ingiza tiketi, utasikia mlio mfupi, itoke ikiwa na saa na mahali. Kwenye basi na tramu kisanduku kiko ndani. Usipogonga, kwa mkaguzi wewe hujalipa. Na tiketi ya simu inunuliwe kabla ya kupanda, usisubiri umwone mkaguzi.

Tiketi ya safari moja hudumu saa mbili kwa kuelekea upande mmoja. Huruhusiwi kurudi nayo, hata kama dakika zimebaki. Ipo pia ya mwendo mfupi, *Kurzstrecke*: vituo vitatu vya treni, au sita vya basi au tramu. Wenye tiketi ya muhula hayo hayawahusu.

Tahadhari ya saa. Ratiba zao ni za saa 24, kwa hiyo 17:05 ni saa kumi na moja na dakika tano jioni. Hiyo ni rahisi. Kigumu ni mdomoni: Mjerumani akisema *halb drei* anamaanisha saa mbili na nusu kwa hesabu yake, yaani nusu ya kuiendea tatu, na kwetu hiyo ni saa nane na nusu mchana. Mgeni anayefikiri kwa Kiswahili anageuza mara mbili, na ni hapo miadi hupotea. Muombe mtu akuandikie saa kwa tarakimu. Kuuliza si ujinga.

## Hatua ya 4: Zunguka mji kwa Ringbahn

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu kila aliyeniandikia hakuifanya.

Berlin ina reli ya mviringo inayouzunguka mji wa ndani, yenye urefu wa kilomita 37 hivi na vituo 27. S41 inaenda kama mishale ya saa inavyozunguka. S42 inaenda kinyume. Ukipanda na kutulia, baada ya kama saa moja unajikuta pale pale ulipopandia.

Nenda mchana, siku isiyo ya mvua. Chukua S41 na ukae dirisha la kulia, kwa sababu upande huo unatazama ndani ya mzunguko. Ramani ya karatasi iwe mapajani. Kila kituo kitie alama ya kalamu.

Kuna vituo vinne vya kukariri. Ostkreuz ni njia panda ya mashariki, Südkreuz ya kusini, Westkreuz ya magharibi. Maneno yenyewe yanasema hivyo. Kaskazini kazi hiyo inafanywa na Gesundbrunnen. Kati ya Ostkreuz na Treptower Park treni inavuka mto Spree: tazama chini, huo mto ndio unaoukata mji mzima kutoka mashariki kwenda magharibi. Baada ya Hermannstraße kulia panafunguka uwanda mkubwa usio na jengo. Hapo ni Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa mwaka 2008 na sasa watu hutembea na kuendesha baiskeli kwenye njia za ndege. Utarudi huko kwenye hatua ya mwisho.

Ukimaliza mzunguko, chora mstari wa pili kwenye ramani: reli inayokata mviringo huo katikati, Ostkreuz mpaka Westkreuz, kupitia Alexanderplatz, Friedrichstraße, Hauptbahnhof na Zoologischer Garten. Sasa una duara lenye mstari katikati. Hilo ndilo umbo la Berlin. Nyumba yako iko wapi kwenye duara? Chuo je?

Kwa nini hatua hii: mtu mwenye duara kichwani hapotei kabisa. Akipanda treni isiyo yake atakutana na duara, na duara litamrudisha.

Utajua umefaulu ukitajiwa kituo chochote cha Ring ukaweza kusema kiko upande gani wa nyumba yako, na S41 au S42 ndiyo ya kupanda.

## Hatua ya 5: Nenda chuoni kwa njia mbili

Siku ya tano nenda chuoni kwa njia uliyoizoea, kisha urudi kwa nyingine kabisa. Kama unasoma Chuo Kikuu Huria kule Dahlem, U3 itakushusha karibu, lakini tafuta pia basi. Kama ni Chuo Kikuu cha Humboldt, jengo kuu liko Unter den Linden na linafikika kutoka Friedrichstraße kwa miguu.

Sababu ni neno moja ambalo utaliona kwenye mabango mara nyingi: *Ersatzverkehr*. Maana yake reli imefungwa kwa matengenezo na kuna mabasi ya kuchukua nafasi ya treni. Mwenye njia moja siku hiyo huchelewa mtihani. Mwenye njia mbili hageuki hata kichwa.

Kwenye jukwaa usitafute jina la kituo chako. Tafuta jina la kituo cha mwisho cha njia hiyo, kwa sababu ndilo lililoandikwa usoni mwa treni. U8 inaenda Wittenau au Hermannstraße, U7 inaenda Rathaus Spandau au Rudow, U2 inaenda Pankow au Ruhleben. Kariri ncha mbili za njia yako, basi. Na mlango haufunguki wenyewe kila mara: bonyeza kitufe. Ukisikia *zurückbleiben bitte*, milango inafungwa, usirukie.

## Hatua ya 6: Ifanye safari ya ofisi kuwa safari ya mji

Miadi yako ya *Anmeldung* inaweza kuwa kwenye *Bürgeramt* yoyote, yaani ofisi ya huduma za wakazi, ndani ya Berlin, si lazima ile ya wilaya yako. Mji una wilaya 12, na wengi hukataa miadi ya Spandau au Köpenick kwa kuona ni mbali. Mimi nakushauri uikubali. Kwanza, nafasi za mbali hupatikana mapema zaidi na wiki zako mbili hazikungojei. Pili, umepata sababu ya kuvuka mji mzima. Ukikosa nafasi, fungua ukurasa wa miadi asubuhi mapema na urudie mchana, kwa sababu watu hufuta miadi yao na nafasi hurudi. Unaweza pia kupiga 115, namba ya huduma za serikali.

Beba pasipoti, fomu ya usajili iliyojazwa, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba inayoitwa *Wohnungsgeberbestätigung*. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mkataba wa pango hauichukulii nafasi, na bila hiyo unarudishwa nyumbani.

Fika nusu saa kabla, tembea kuzunguka ofisi. Ukimaliza usirudi moja kwa moja. Spandau ndipo Spree inapoingia mto Havel, na Köpenick ina mji mkongwe uliozungukwa na maji. Saa moja inatosha.

Utajua umefaulu ukitoka na karatasi ya uthibitisho mkononi. Itunze vizuri: benki na ofisi ya uhamiaji wanaweza kuitaka.

## Hatua ya 7: Katikati, halafu kupotea kwa makusudi

Asubuhi panda basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten mpaka Alexanderplatz. Ni basi la kawaida la tiketi yako ya kawaida, na linapita Mnara wa Ushindi, kasri la Bellevue, bunge la Reichstag na Unter den Linden. Likiwa la ghorofa, kaa juu mbele. Kisha rudi kwa miguu kutoka Alexanderplatz hadi lango la Brandenburg, kama kilomita mbili na nusu. Ukifika langoni, pita ng'ambo ya magharibi na utazame lami: kuna mistari miwili ya mawe iliyopangwa sambamba ikikatiza barabara. Hapo ndipo ulipopita Ukuta wa Berlin, uliougawa mji, kuanzia 1961 hadi 1989. Magari yanapita juu yake. Simama kidogo.

Kuba la Reichstag halina kiingilio, lakini lazima ujiandikishe kabla. Fanya hivyo siku chache mapema.

Mchana ndio mtihani. Zima simu, iweke chini kabisa ya begi. Panda njia usiyowahi kupanda, hesabu vituo sita, shuka. Tembea dakika ishirini bila kuchagua. Kisha rudi nyumbani kwa kutumia vibao, ramani ya karatasi na kinywa chako. Sentensi moja inatosha: *Entschuldigung, wo ist die nächste U-Bahn?* Samahani, U-Bahn ya karibu iko wapi?

Kama unaogopa mitaa, jaribu kwanza pale Tempelhofer Feld. Ingia kwa lango la upande mmoja, toka kwa lango la upande wa pili, kisha utafute njia ya kurudi.

Tahadhari: fanya zoezi hili mchana. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo giza huingia mapema mno. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Toka nyumbani kabla ya saa sita mchana.

## Ukipotea kweli

Usitembee ukiwa na hofu. Simama mahali penye mwanga, ndani ya duka au kituoni. Tafuta herufi U au S. Kwenye mji wa ndani haiko mbali. Ingia, tazama ramani ya ukutani, tafuta duara.

Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili U-Bahn hufanya kazi mpaka asubuhi. Usiku mwingine husimama kwa saa chache, na mabasi yenye herufi N huchukua njia zake: badala ya U8 kuna N8, badala ya U2 kuna N2. Ukijua namba ya reli yako, umelijua basi lako la usiku.

Polisi ni 110. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Ukiugua usiku lakini hali si ya dharura, piga 116117 upate daktari wa zamu. Andika namba hizi tatu nyuma ya ile karatasi ya anwani, na karatasi irudi mfukoni.